Leo Pana Msiba

Nyumbani kwetu, kijijini nje kidogo ya mji wa Bukoba, Ijumaa Kuu ilianza na jiko lisilowashwa. Mama alikuwa ameamka mapema kama siku zote, ila hakushika ufagio wala jembe. Hakuna aliyepigilia msumari siku hiyo, hakuna aliyepasua kuni, na sisi watoto tulikatazwa kukimbizana uani. Maelezo hayakuwa mengi. Bibi alisema tu, "Leo pana msiba," kwa sauti ileile aliyoitumia jirani alipofariki, nasi tukajua la kufanya. Palipo na msiba unashusha sauti, unakaa chini, huulizi chakula.

Kengele ya kanisa ilikuwa imenyamaza tangu Alhamisi jioni. Badala yake alipita kijana akigonganisha vipande viwili vya mbao, mlio mkavu usio na mwangwi. Tulitembea kwenda kanisani wakati jua limeshapinda, tukakuta altare tupu: kitambaa hakuna, mishumaa hakuna, maua hakuna, na tabernakulo iko wazi, haina kitu. Padre aliingia bila wimbo, amevaa mavazi mekundu, akafika mbele ya altare na kulala kifudifudi sakafuni. Watu wote wakapiga magoti. Nadhani nilikuwa na miaka saba nilipoliona jambo hilo kwa macho ya kuelewa, na nilichoelewa ni kwamba padre ameanguka. Nilingoja mtu aende kumwinua. Hakuna aliyekwenda.

Ilinichukua miaka mingi kutambua kwamba siku hiyo Kanisa Katoliki haliadhimishi Misa popote duniani. Waamini hupokea komunyo iliyowekwa wakfu jana yake, Alhamisi Kuu, kama vile nyumba yenye msiba inavyokula kilichopikwa kwingine. Mateso husomwa kutoka Injili ya Yohana, aghalabu kwa sauti za wasomaji watatu, na msomaji anapofika pale Yesu anapokata roho kila mtu hupiga magoti na kunyamaza. Hufuata maombi makubwa kumi kwa ajili ya dunia nzima, kisha watu hupanga foleni ndefu kwenda kuubusu msalaba. Mwishoni hakuna wimbo wa kutokea. Mtu anaondoka kimya kimya. Majirani zetu wa Kilutheri walikuwa na namna yao, kitambaa cheusi na mahubiri juu ya maneno saba ya msalabani, lakini kimya cha njiani kilikuwa kilekile, na jioni hiyo usingeweza kutofautisha nani ametoka kanisa gani.

Kuna jambo ambalo Kiswahili kinatupa bure, na huwa tunalipita bila kuliona. Injili zinasema giza liliifunika nchi tangu saa sita mpaka saa tisa, na saa tisa ndiyo saa ya kifo. Mzungu akisoma hapo lazima abadili hesabu kichwani, kwa kuwa kwake ile ni saa tatu ya mchana. Sisi hatubadili kitu. Saa ya Injili ndiyo saa iliyo mkononi mwetu, maana Wayahudi na Warumi wa wakati ule nao walihesabu tangu macheo. Kwa karne nyingi ibada ya Ijumaa Kuu ilikuwa imesogezwa hadi asubuhi. Ni mageuzi ya Papa Pio XII, mwaka 1955, yaliyoirudisha alasiri, karibu na saa yenyewe. Kila ninapotazama saa Ijumaa Kuu na kuona ni tisa kasoro robo, najisikia kama mtu aliyeitwa hospitalini akiambiwa awahi.

Jina nalo lina habari zake. Wajerumani huiita kwa neno la kale lenye maana ya maombolezo. Sisi tumeiita Kuu, kama Wagiriki, na kama Wakristo wa nchi za Kiarabu ambao jina lao kwa siku hii ni hilohilo, Ijumaa na ukuu wake. Na Ijumaa yenyewe ni neno la Kiarabu linalotokana na kukusanyika. Kabla hata mhubiri hajafungua kinywa, lugha imekwisha kutuambia kwamba hii ni siku ambayo mtu hakai peke yake.

Habari ndefu ya kale kuhusu namna siku hii ilivyoadhimishwa tumeipata kwa mwanamke mmoja msafiri aitwaye Egeria. Alikwenda Yerusalemu katika miaka ya 380 na kuwaandikia wanawake wenzake waliobaki nyumbani, mbali sana upande wa magharibi. Sehemu ya maandishi yake ilionekana mwaka 1884 katika maktaba moja ya Arezzo, Italia. Anasimulia jinsi askofu alivyoketi asubuhi mbele ya meza, ameushika kwa mikono yake mti ulioaminiwa kuwa wa msalaba, na watu wakapita mmoja mmoja kuinama na kuubusu. Mashemasi walisimama kulia na kushoto wakilinda. Inasemekana kuna mtu aliyewahi kuinama kama anayebusu, akaung'ata mti na kuondoka na kipande mdomoni. Halafu kuanzia saa sita hadi saa tisa watu walikaa uwanjani, jua liwe kali au mvua inyeshe, wakisikiliza masomo. Egeria anashuhudia kwamba hakuwapo mkubwa wala mtoto asiyelia.

Huyo aliyeng'ata mti nimemfikiria sana. Ni rahisi kumwita mwizi. Mimi namwona kama mfiwa anayeng'ang'ania shuka la marehemu na kukataa lisifuliwe.

Kwetu Kagera, mtu akifariki, mashamba ya jirani hayalimwi mpaka azikwe. Wanaume hukoka gogo nje na kukesha; wanawake hukaa ndani, zamani juu ya nyasi zilizotandazwa sakafuni, siku hizi juu ya mikeka. Anayekuja haji na hotuba. Anaingia, anasema pole, anakaa. Anaweza kukaa saa mbili bila kuongeza neno, na mfiwa hatamsahau maisha yake yote. Nimesoma vitabu vingi vya teolojia kuhusu maana ya msalaba, vingine vizuri mno, vinavyoeleza fidia, upatanisho na ushindi. Sivikatai. Lakini kwa Ijumaa Kuu yenyewe, kwa yale masaa machache ya alasiri, bado naona bibi alikuwa ameisema siku ile kwa usahihi kuliko vingi kati ya vitabu hivyo. Pana msiba. Tumeitwa tukae.

Na kukaa kuna muda wake. Pwani watu husema kuanua matanga, na desturi ya wengi ni kukaa siku tatu kabla ya kuyaanua. Hakuna mwenye adabu zake anayekunja mikeka siku ya kwanza, maiti angali ndani, eti kwa sababu anajua maisha yataendelea. Anajua, ndiyo, wote wanajua. Ila ujuzi huo una siku yake. Mkristo naye anajua habari ya Jumapili. Anaijua tangu utotoni, hawezi kujifanya haijui. Imani yake haimwombi aisahau. Inamwomba avumilie siku tatu.

Hapa ndipo moyo wangu unapouma. Nimesikiliza mahubiri ya Ijumaa Kuu, katika makanisa tofauti na miji tofauti, ambapo mhubiri alikaa msalabani dakika tano tu kisha akarukia kaburi tupu, akapaza sauti, akataka watu wapige makofi. Alifanya hivyo kwa nia njema, hakutaka watu waende nyumbani na huzuni. Nimewahi pia kukaa kwenye mazishi ya kijana wa miaka ishirini na tatu, na mhubiri akamgeukia mama yake mbele ya jeneza na kumwambia asilie, kwa kuwa kulia ni kukosa imani. Yule mama alinyamaza papo hapo, kama mtoto aliyekaripiwa. Sijawahi kuona kimya kibaya kama kile. Nikajiuliza mhubiri anamweka wapi Yesu mwenyewe, aliyelia mbele ya kaburi la Lazaro hali akijua atamfufua muda si mrefu. Na anamweka wapi yule wa saa tisa, aliyemuuliza Mungu wake, kwa sauti ambayo umati wote uliisikia, kwa nini amemwacha.

Swali hilo halikujibiwa siku ile. Nadhani tunalikimbia kwa sababu hiyo. Ijumaa Kuu ndiyo siku ya kukaa na swali la mtu aliyeachwa, na ibada inakwisha bila kulijibu.

Tumezoea msalaba shingoni, ukutani, juu ya paa. Waliouona wa kweli hawakuuvaa. Ilikuwa adhabu ya watumwa na waasi, iliyotungwa ili mtu afe polepole, uchi, mbele ya wapita njia. Uasi wa watumwa ulioongozwa na Spartacus ulipozimwa mwaka 71 kabla ya Kristo, Warumi walitundika watu 6,000 kando ya barabara kutoka Capua mpaka Roma. Hao wote majina yao hatunayo. Mwaka 1968, huko Yerusalemu, wachimbaji walikuta katika sanduku la mifupa kisigino cha mtu aliyeitwa Yehohanan, na msumari wa chuma bado umo ndani ya mfupa, ncha yake imepinda. Pengine ndiyo sababu ulibaki: ulishindikana kung'olewa. Ila mimi nashikwa na jambo jingine. Kuna mtu aliyeomba apewe maiti ile, akaizika, kisha baada ya nyama kuoza akarudi na kuikusanya mifupa ndani ya sanduku na kuandika jina juu yake. Kwa kawaida waliosulubiwa hawakupata heshima hiyo. Yehohanan alipata kwa sababu kuna watu wake waliokataa kumwacha.

Kiswahili kina kitenzi cha kazi hiyo, kusitiri. Tunamsitiri marehemu: tunamfunika, tunamwondolea aibu ya kutazamwa, tunamrudishia haiba yake. Ndicho alichofanya Yusufu wa Arimathaya alipokwenda kwa Pilato jioni ile. Alikuwa mjumbe wa baraza, mtu mwenye jina la kupoteza, na maiti aliyoiomba ilikuwa ya mtu aliyehukumiwa kama mhaini. Wanafunzi walikuwa wamekimbia. Yeye, ambaye Injili inasema alikuwa mfuasi wa siri kwa hofu, alijitokeza wakati ambapo hapakuwa tena na faida yoyote ya kujitokeza. Nikodemo alikuja na manukato yenye uzito wa kumfaa mfalme. Hawakuweza kumwokoa. Walimsitiri.

Ningependa kuishia hapo, lakini siku hii ina doa na sitaki kulifunika. Kwa karne nyingi Wakristo wa Ulaya waliigeuza kuwa siku ya kunyoosha kidole. Badala ya kukaa na aliyekufa, walitafuta wa kulaumiwa, wakawakuta Wayahudi waliokuwa mlango wa pili. Mtaguso wa Laterano wa mwaka 1215 uliwakataza Wayahudi kuonekana hadharani katika siku za mateso, na mahali pengi Juma Kuu lilikuwa juma la kujifungia ndani kwa hofu ya mawe na marungu. Hata katika yale maombi makubwa ya alasiri, Wayahudi walitajwa kwa neno la dharau mpaka Papa Yohane XXIII alipoamuru liondolewe mwaka 1959. Mwaka 1965 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ukatamka kwamba mateso ya Yesu hayawezi kubebeshwa Wayahudi wote wa wakati ule wala wa leo. Ilichelewa mno. Waliokuwa wakimwomboleza Myahudi mmoja walikuwa wakiwatesa ndugu zake, na wengi wao waliona wanafanya ibada.

Nasi tusidhani hayo ni ya Ulaya peke yake. Mwaka 1994 Ijumaa Kuu ilikuwa tarehe 1 Aprili, na Pasaka tarehe 3. Nchini Rwanda, nchi ambayo watu wake wengi mno walikuwa wamebatizwa, makanisa yalijaa siku zote mbili. Watu walipanga foleni moja kuubusu msalaba mmoja. Tarehe 7, Alhamisi ya juma lilelile la Pasaka, mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalikuwa yameanza. Watu walikimbilia makanisani kama walivyozoea kukimbilia miaka ya nyuma, na safari hii wakauawa humo humo. Nimeingia mara moja katika kanisa la Nyamata, ambalo sasa ni makumbusho ya mauaji hayo na ambapo wamezikwa watu zaidi ya 45,000. Nguo za waliouawa zimelundikwa juu ya mabenchi. Kitambaa cha altare kipo, na damu yake ipo. Nilisimama pale nikakumbuka altare tupu ya utoto wangu, ambayo ilinitisha kwa kukosa kitambaa tu.

Mwaka 2017 Papa Fransisko aliomba msamaha wa Mungu kwa dhambi za Kanisa na watu wake katika mauaji hayo, wakiwamo mapadre na watawa. Tangu hapo swali linalonikalia si jinsi watu walivyoweza kuua. Nawaza ile foleni ya tarehe 1 Aprili. Mtu anawezaje kuinama na kubusu miguu iliyopigiliwa msumari, halafu wiki ileile asiione miguu ya jirani yake? Jibu la kutosha sina. Najua tu kwamba unaweza kubusu mti bila kukaa na mtu. Mwaka 2023 Ijumaa Kuu iliangukia tarehe 7 Aprili, siku ambayo Wanyarwanda huanza juma la maombolezo. Siku hiyo kwao hapakuwa na namna ya kutenganisha misiba miwili.

Sisi wa upande huu wa mpaka tuliyaona yale kwa njia ya maji. Wauaji walitupa maiti katika Nyabarongo, ambayo inaingia Akagera, na Akagera, Kagera kama tunavyoiita sisi, inamwaga maji yake Ziwa Victoria karibu na mpaka wa Tanzania na Uganda. Mwezi Mei nyumbani kwetu waliacha kununua samaki. Mama hakueleza, na kwa mara nyingine tukaelewa kutokana na jiko.

Upande wa Uganda, katika vijiji vya wavuvi kama Kasensero na Lambu, maiti zilifika ufukweni kwa maelfu. Wale wavuvi hawakuwajua watu hao. Hawakujua majina, hawakujua dini, na hali ya miili haikuruhusu kujua sura. Waliingia majini na mitumbwi ileile ya riziki yao, samaki wakiwa hawanunuliki tena, wakawatoa na kuwazika. Leo kuna makaburi ya kumbukumbu Kasensero, Lambu na Ggolo, na waliozikwa humo wanahesabiwa kuwa zaidi ya 10,000. Baadhi ya wazikaji walikuwa Wakristo, baadhi Waislamu, na wengine hawakuwa na habari kubwa na dini. Wote walifanya kazi ya Yusufu. Ninaposikia mtu akiuliza Kanisa lilikuwa wapi mwaka ule, siwezi kulitetea, na wala sijaribu. Ila hao wavuvi nao nawataja.

Katika maombi makubwa ya Ijumaa Kuu huwa natia watu wangu kimya kimya: yule mama wa mazishi, wale wavuvi, na waliozikwa bila jina. Halafu nasubiri kipande kimoja cha masimulizi ambacho hakimo katika Yohana, kwa hiyo alasiri hiyo hatukisikii, na inanibidi nikakisome mwenyewe nyumbani. Ni cha Mathayo, na ni kifupi mno. Yusufu ameuweka mwili kaburini, ameviringisha jiwe kubwa mlangoni, ameondoka. Kazi imekwisha. Sabato inaingia na giza linaanza. Hapo Mathayo anatuonyesha kwamba Maria Magdalena na yule Maria mwingine bado wapo. Hawana manukato mkononi, hawasemi neno, na hakuna aliyewaambia kuhusu Jumapili kwa namna ambayo wangeweza kuiamini jioni ile. Wameketi chini, wamelielekea kaburi.